Hamira Mbichi: Pa Kuipata, Namna ya Kuikagua na Kuitunza Isife

Mara ya kwanza kushika hamira mbichi nilidhani nimepewa jibini. Ilikuwa jikoni kwa dada yangu, Hamburg, wakati wa baridi, nami nilitoka Tanga na kopo langu la hamira ya chenga ndani ya begi, utadhani Ujerumani hawajui mkate. Dada akacheka, akafungua friji, akatoa kipande kidogo cha mraba kilichofungwa kwa karatasi. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyoiva, na mwili wake kama sabuni ya mche iliyokatwa sasa hivi. Akaniambia nikivunje. Kikavunjika kwa mara moja, kwa pande mbili safi, na harufu iliyotoka ilikuwa ya unga uliokandwa ukalala: tamu kidogo, kali kidogo, kwa mbali kama ndizi mbivu.

Siku hizi naoka kwangu Dar es Salaam, skonzi na mahamri ya oda, na swali ninaloulizwa zaidi baada ya bei ni hili la hamira mbichi: inapatikana wapi, na ukishaipata unaitunzaje kwenye joto letu. Nitaeleza nilivyojifunza, pamoja na niliyojifunza kwa hasara.

Kwanza tuelewane kwenye jina

Hamira ni kiumbe hai, kuvu mdogo asiyeonekana kwa macho. Jina lake la kitaalamu ni Saccharomyces cerevisiae. Hula sukari na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi pamoja na pombe kidogo. Ni gesi hiyo inayouumua unga. Beking pauda ni kemikali, haina uhai wowote. Nalisema hili kwa sababu zipo duka nyingi ukitaja hamira unapewa kopo la beking pauda, na muuzaji hana habari kwamba amekosea. Soma kopo mwenyewe.

Hamira ya mkate inauzwa kwa sura tatu. Mbichi ni ile ya kipande, ambayo takriban asilimia 70 ya uzito wake ni maji. Ya pili ni ya chenga kubwa, iliyokaushwa, ambayo huamshwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Ya tatu ni ya chenga ndogo sana, kama punje za mchanga, nayo huchanganywa moja kwa moja na unga. Zile pakiti ngumu za Saf-instant, Angel au Pakmaya unazoziona madukani kwetu kwa kawaida ni hii ya tatu.

Uwiano wake ukariri, maana mapishi mengi ya Ulaya yameandikwa kwa hamira mbichi: gramu 10 za mbichi ni sawa na gramu 4 za chenga kubwa, au gramu 3 na kitu za chenga ndogo. Kwa mkato wa haraka, gawanya uzito wa mbichi kwa 3 upate wa chenga ndogo. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu hubeba gramu 3 hivi.

Na niseme mapema kabla hujazunguka mji mzima: mkate wa hamira mbichi hauna ladha ya peponi ambayo ya pakiti haina. Tofauti ipo, ni ndogo. Mbichi huamka upesi, haihitaji kubembelezwa, na ni raha kuishika. Lakini kwa mahamri ya kila siku kwenye nyuzi 30 za Dar, mimi natumia ya pakiti. Mbichi naitafuta nikiwa na oda kubwa ambayo najua itaimaliza ndani ya siku chache.

Kuitafuta

Afrika Mashariki, usiende supermaketi ukitarajia kuikuta kwenye rafu. Nenda bekari. Tena usiende alfajiri, saa ambayo kila mtu pale ana tanuri linalomngoja na wauza mikate wamepanga foleni mlangoni. Nenda saa nne au saa tano asubuhi, mikate ikishaondoka. Usimuulize anayekaa kwenye pesa, omba kuongea na fundi mwenyewe, na swali liwe moja: "Fundi, mnatumia hamira mbichi au ya pakiti?"

Wengi watakuonyesha pakiti. Usivunjike moyo, hapo pia umepata kitu, kwa sababu bekari inayomaliza pakiti kadhaa kwa siku haiwezi kuwa na hamira iliyokaa miezi. Muombe akuuzie moja ambayo haijafunguliwa. Ukibahatika ukampata anayetumia mbichi, omba gramu 100 tu, muulize iliingia lini, na muombe aikate mbele yako.

Beba chombo cha kuichukulia. Mimi hubeba hotipoti. Watu hulijua kwa kutunza wali wa moto, wanasahau kwamba linatunza na baridi. Chupa ndogo ya maji iliyoganda, imefungwa kwa kitambaa, inawekwa chini, hamira juu yake. Kutoka bekari hadi nyumbani kwa daladala saa ya foleni ni saa nzima au zaidi, na saa nzima kwenye joto la daladala hamira mbichi haiwezi kuivumilia.

Mlio nje mna kazi rahisi. Ujerumani iko kwenye friji za dukani, jirani na siagi, imeandikwa "Hefe", kipande cha gramu 42. Uswidi inaitwa "jäst", kipande cha gramu 50, na ziko aina mbili, ya mkate wa kawaida na ya unga wenye sukari nyingi. Kwa mahamri chukua hiyo ya pili. Uingereza jaribu supermaketi zenye tanuri lao ndani, uliza kwenye kaunta ya mikate, au tafuta duka la Wapolandi uombe "drożdże", ambayo huwa na gramu 100. Ufaransa kuwa macho: "levure de boulanger" ndiyo hamira, "levure chimique" ni beking pauda. Mkanganyiko wetu wa dukani na wao wanao. Marekani vipande hivyo vimekuwa adimu, ila angalia kwenye friji za maziwa na siagi.

Kuikagua kabla ya kulipa

Tarehe kwenye karatasi ni mwanzo tu. Haikuambii friji ya duka ilizimwa mara ngapi usiku. Itazame, ivunje, inuse.

Rangi nzuri ni moja kote, ya krimu au kijivu chepesi chenye joto. Kingo zilizokauka na kuwa kahawia kidogo si msiba, unazikata unazitupa, ila jua kwamba imeanza kuzeeka. Ukungu wowote, uwe wa kijani, mweusi au wa waridi, rudisha yote. Usidanganyike kwamba utakata sehemu iliyoharibika.

Ukiivunja, ikatike. Iliyo hai hupasuka kama udongo mkavu kiasi, inaacha mapande yenye mikunjo kama ya gamba la kombe. Inayonyumbuka kama ubani wa kutafuna, inayonata vidoleni au yenye utelezi imeanza kujiyeyusha yenyewe. Kikiwa kwenye joto, kipande cha hamira hujipasha moto kwa kupumua, kisha seli zinakufa na kuvuja maji yake.

Harufu iwe ya mkate na matunda. Ikinuka siki kali, jibini iliyooza au soksi, achana nayo.

Kwa ya pakiti ukaguzi ni wa kidole kimoja. Pakiti iliyofyonzwa hewa huwa ngumu kama tofali, ukiigonga mezani inalia. Ikiwa laini na chenga zinacheza ndani, hewa imeingia, hata kama tarehe inasema bado mwaka. Na zile hamira za kupima, zilizofungwa kwenye vifuko vidogo vya nailoni na kuning'inizwa dukani juani, mimi nilishazisusa. Niliwahi kununua vifuko sita kwa haraka usiku wa kuamkia Idi, duka langu la siku zote likiwa limefungwa. Kilo nne za unga zililala kwenye beseni kama maiti. Nilikanda upya saa tisa usiku.

Kuijaribu

Hili lifanye kila unapokuwa na shaka, tena kabla ya kugusa unga. Weka mililita 100 za maji ya uvuguvugu kwenye glasi, kijiko cha chai cha sukari, na gramu 10 za hamira mbichi uliyoimong'onyoa. Ndani ya dakika 10 juu kunatakiwa kuwe na povu zito linalopanda. Povu la viputo vichache vilivyotawanyika si jibu.

Njia ya pili haihitaji glasi ya kupimia na mimi ndiyo naipenda zaidi. Chukua hamira kidogo kama harage, ikande na unga na maji upate kidonge kama gololi, kidumbukize kwenye bilauri ya maji ya uvuguvugu. Kitazama. Kikiibuka na kuelea ndani ya dakika 10, hamira iko kazini. Kikibaki chini, usiipe unga wako.

Kuhusu maji, mapishi yaliyoandikwa nchi za baridi husema uyapashe. Kwao bomba linatoa maji ya kugandisha vidole. Kwetu pwani, maji ya bomba mchana yanakaribia nyuzi 30, na unga wenyewe una joto hilo hilo. Kwa hamira mbichi yanatosha kabisa. Ukiyapasha, yasizidi nyuzi 38. Dondosha tone kwenye kifundo cha mkono ndani, usilisikie moto wala baridi. Kuanzia nyuzi 55 hivi hamira inakufa. Nadhani maji ya moto yameua hamira nyingi kuliko uzee, kwa sababu mtu akiona unga umechelewa huongeza joto.

Kuiweka kwenye friji

Hamira mbichi inataka nyuzi kati ya 1 na 4, na ikiwekwa hivyo tangu kiwandani hukaa wiki 2 hadi 4. Ukishaikata, hesabu siku 10 za uhakika, zilizobaki ni za kujaribu kwa kidonge. Nje ya friji kwenye joto letu usiipe zaidi ya siku moja.

Iache kwenye karatasi yake. Kama imetolewa kwenye bonge la bekari, ifunge kwa karatasi ya kuokea, kisha iweke ndani ya kibakuli chenye kifuniko kilichoegeshwa tu. Inapumua, na ukiibana kabisa kwenye nailoni inatoa jasho, na jasho ndilo linaloleta utelezi na ukungu. Ikae rafu ya nyuma, mbali na mlango. Mlango wa friji ya nyumba yenye watoto unafunguliwa mara arobaini kwa siku. Pia isikae na vitunguu wala samaki. Andika tarehe kwenye kipande cha utepe, ubandike. Utasema utakumbuka, hutakumbuka.

Usihifadhi hamira iliyochanganywa na sukari. Jaribu uone sababu: gramu 20 za hamira mbichi kwenye kikombe, kijiko kimoja cha sukari, ponda kwa mgongo wa kijiko. Baada ya dakika moja hivi inalegea, inang'aa, inakuwa uji mwepesi bila tone la maji kuongezwa. Sukari imeyavuta maji kutoka ndani ya seli. Ni njia nzuri ya kuiandaa unapokaribia kukanda, dada yangu hufanya hivyo kila mara, lakini ukiiacha hapo hadi kesho umeiua. Chumvi ni kali zaidi. Itie kwenye unga, isikutane na hamira ana kwa ana.

Umeme ukikatika, usifungue friji kuangalia kama hamira ni nzima. Friji iliyofungwa hushika baridi kama saa 4. Kukiwa na mgao wa kutwa nzima, rudi kwenye lile hotipoti lenye chupa ya barafu. Na kama umeme umerudi baada ya siku, ijaribu kwanza.

Kuigandisha

Inawezekana, ila ina gharama yake. Kata vipande vya matumizi ya mara moja, mimi hukata gramu 20 na 35, funga kila kimoja peke yake kwa nailoni ya jikoni, kisha vyote ndani ya mfuko mmoja uliotolewa hewa. Hapa kubana ni sawa, kwa sababu kwenye friza haipumui na adui ni barafu na ukavu. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Tumia ndani ya miezi 2 hadi 3.

Kuyeyusha, ihamishie kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utaikuta imekuwa matope ya rangi ya krimu, na wengi hapo huitupa. Usiitupe. Barafu imepasua sehemu ya seli na maji yao yametoka, ila zilizobaki zinafanya kazi. Ongeza robo zaidi ya kipimo, yaani palipotakiwa gramu 20 tia 25, na itumie siku hiyo hiyo. Usiirudishe kwenye friza.

Ya pakiti, kwenye unyevu wa pwani

Ikiwa haijafunguliwa, kabati kavu linatosha, mbali na jiko. Kazi inaanza ukiikata. Pakiti kubwa ni rahisi kwa bei, lakini mwanamke anayeoka Jumapili tu hana sababu ya kununua gramu 500. Anunue vipakiti vya gramu 10 au 11.

Ukishafungua kubwa, igawe siku hiyo hiyo kwenye vichupa vidogo vikavu vyenye kifuniko cha kukaza, ujaze hadi juu ili hewa isipate nafasi. Kimoja kiwe cha kutumia, kikae kwenye friji, miezi 4 kinakwenda vizuri. Vingine kwenye friza, miezi 6. Sababu ya kugawa ni hii: chupa baridi ikifunguliwa kwenye jiko la Mombasa au Tanga, unyevu wa hewa unatua juu ya chenga papo hapo, kama unavyotua nje ya glasi ya maji ya barafu. Chupa moja kubwa inayofunguliwa kila asubuhi italoa kidogo kidogo, na siku moja utakuta chenga zimeshikana. Kijiko kiwe kikavu. Usichote juu ya sufuria inayotoa mvuke.

Donge la jana

Mwaka 2020, watu walipofungiwa ndani, hamira ilikwisha madukani Ulaya. Dada alikuwa na nusu kipande. Alikivusha wiki kadhaa kwa njia ambayo waokaji wameitumia tangu zamani, nami naipendekeza kwa yeyote asiyepata hamira mbichi mara kwa mara, maana hii kwa kweli ni hamira mbichi unayoitengeneza mwenyewe.

Kanda gramu 100 za unga wa ngano, mililita 65 za maji, chumvi ya kuchovya kwa vidole viwili, na hamira kidogo, gramu 2 za mbichi au robo kijiko cha chai ya chenga ndogo. Usitie sukari, tui wala mayai, vitachacha vibaya. Acha liumuke nusu saa hadi saa moja, weka kwenye bakuli lenye nafasi, funika, tia kwenye friji. Kuanzia kesho yake liko tayari, na lina siku 3. Siku ya kuoka, likatekate ndani ya kilo moja ya unga na upunguze hamira ya kawaida kwa nusu. Ukimaliza kukanda mkate wa kawaida usio na sukari, kata donge jingine la ukubwa wa ngumi, lirudi kwenye friji. Likianza kunuka siki kali na kulegea kama uji, anza jipya.

Kwa mahamri donge peke yake halitoshi, na hata hamira mbichi huhitaji kuongezwa, kwa sababu sukari nyingi na mafuta ya tui huichelewesha. Kilo moja ya unga yenye gramu 200 za sukari mimi huipa gramu 35 za mbichi, au gramu 11 hadi 12 za chenga ndogo. Mkate mweupe wa kilo hiyo hiyo ungetosheka na gramu 20.

Unga ukigoma

Saa na nusu zimepita, donge liko vile vile. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole na ndani kuna viputo vidogo, hamira ipo, imechelewa tu, hasa kama tui lilitoka kwenye friji. Lipe saa nyingine karibu na jiko, si juu yake. Shimo likibaki zito kama udongo wa mfinyanzi, hamira imekufa, lakini unga hujaupoteza. Chukua hamira nyingine iliyoshinda mtihani wa kidonge, kipimo kile kile, iyeyushe kwa vijiko 3 vya maji ya uvuguvugu na vijiko 3 vya unga, subiri itoe povu. Litandaze donge, lipake uji huo kama unavyopaka samli kwenye chapati, likunje, likande. Mwanzoni litateleza na kuchafua mikono hadi kwenye viwiko. Endelea kwa dakika 8 au 10 bila kuongeza unga, hadi linyonye lote na lianze kuachana na beseni.

Kisha lifunike, na safari hii andika saa.